Mafuta ya Ubani: Sifa Zake, Matumizi Yake na Tatizo la Jina

Mwanafunzi anayefasiri kibandiko cha chupa kilichoandikwa "huile essentielle d'encens" mara nyingi hujikuta akiandika "mafuta muhimu ya ubani". Tafsiri hiyo imeenea, nayo ina kasoro. Neno la Kifaransa "essentielle" halina hapa maana ya ulazima. Limetoka katika "essence", yaani kiini chenye harufu kinachotolewa katika mmea. Msomaji wa Kiswahili akikuta "muhimu" hudhani kwamba mwili unayahitaji mafuta hayo kama unavyohitaji maji na chumvi. Makala haya yanakusudia kueleza kwanza kitu chenyewe, kisha jina lake.

Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi ya Boswellia, iotayo katika nchi kavu: Dhofar huko Oman, Yemen, Somalia, Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Mchumaji hukwangua gome, utomvu hutoka kama machozi, hukauka kwa hewa, kisha hukusanywa. Neno lenyewe ni la Kiarabu, "lubān". Kiswahili kimeiacha l ya mwanzo, na u- sasa huhesabiwa kuwa kiambishi cha ngeli. Tafsiri ya Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inatumia "ubani" katika Kutoka 30, lakini zawadi ya mamajusi katika Mathayo 2 huitwa "uvumba". Huko pwani, kutoa ubani ni pia kuwapa wafiwa fedha za kuwafariji.

Huku Beni na Butembo, Boswellia haioti. Msitu wa upande wa Ituri una mti wa ukoo ule ule, Canarium schweinfurthii, uitwao mpafu na, penginepo, mbani. Matunda yake hulainishwa kwa maji ya moto, yakaliwa. Utomvu wake hunukia na hushika moto upesi, ndiyo maana Wambuti waliufanya mienge. Hufukizwa pia kama ubani, wala si ajabu majina yakichanganyika. Lakini mafuta ya mpafu si mafuta ya Boswellia.

Ili kupata mafuta, utomvu hupitishiwa mvuke wa maji. Mvuke hubeba vitu vyepesi tu. Ukipozwa, mafuta huelea juu ya maji. Kilo 100 za utomvu hutoa kilo chache za mafuta, na sehemu kubwa hubaki chomboni. Hapa ndipo penye jambo. Pineni, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi katika mafuta ya ubani, ina molekuli yenye uzito wa 136. Asidi za boswelia, ambazo wataalamu wamezichunguza kwa ajili ya uvimbe wa viungo, zina uzito wa 456 hivi, nazo hazipandi pamoja na mvuke. Basi mgonjwa wa magoti anayenunua chupa ya mafuta kwa kuwa amesikia habari za asidi hizo, ananunua kitu ambacho hazimo.

Hata neno "mafuta" lahitaji hadhari. Tone la mawese likidondoka kwenye karatasi huacha doa. Tone la mafuta ya ubani huruka karibu lote. Si shahamu, na hayalishi. Matumizi yake ya haki ni manukato, sabuni na kunusa. Kuua vijidudu katika chupa ya maabara si kuponya mtu, wala haijathibitishwa kwamba yanaponya saratani. Anayetaka kuyapaka ayachanganye kwanza na mafuta ya kawaida, tena kidogo sana. Yaliyozeeka kwa kuachwa wazi hewani huwasha ngozi. Mtoto asinyweshwe kamwe: yakipotea njia na kuingia mapafuni, huyadhuru vibaya.

Wako watakaosema kwamba "mafuta muhimu" limekwisha kuzoeleka. Kwa maoni yetu, mazoea hayatoshi pale ambapo jina linamsukuma mtu kunywa. "Mafuta ya kunukia" ni Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu sokoni, nalo halimwahidi mnunuzi kitu kisichokuwamo. Kwenye chupa iandikwe basi "mafuta ya kunukia ya ubani", na yale yatokayo katika mti wa msituni kwetu yaandikwe kuwa ya mpafu.