Hesabu ya Mabehewa na Hali ya Nchi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mambo ya uchumi nayo yana mawingu yake, na moja lililo kubwa ni shehena ya reli. Kabla saruji haijawa nyumba, kabla mbolea haijawa mahindi, na kabla shaba haijawa waya, sharti vitu hivyo vichukuliwe. Karani wa stesheni aandikaye idadi ya mabehewa yaliyojaa, na uzito wake, huandika habari za nchi nzima miezi mingi kabla ripoti za wakubwa hazijapigwa chapa.

Mwaka 2007 Bwana Li Keqiang, wakati ule Katibu wa Chama cha Kikomunisti katika jimbo la Liaoning, Uchina, alimwambia balozi wa Marekani kwamba hesabu za pato la jimbo hutengenezwa na watu, kwa hiyo si za kutegemewa. Yeye alitazama mambo matatu: umeme uliotumika, mizigo iliyopita relini, na mikopo ya mabenki. Maneno hayo yalifichuliwa mwaka 2010, naye Bwana Li akawa Waziri Mkuu tangu 2013 hadi 2023. Sababu yake yaeleweka. Ofisa atakaye sifa aweza kuandika kwamba mavuno yameongezeka. Lakini tani ya makaa ya mawe hulipiwa nauli, na nauli ina stakabadhi.

Hata hivyo, kipimo hiki nacho kina mipaka. Mwaka 2015 mizigo ya reli za Uchina ilipungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, huku Serikali yake ikitangaza kwamba uchumi umekua kwa asilimia 6.9. Wako waliosema kuwa hesabu za Serikali ni za uwongo. Lakini mizigo mikubwa ya reli za nchi ile ni makaa ya mawe na mali ya viwanda vya chuma, na hiyo ndiyo iliyofifia. Kazi ya mwalimu, ya mganga na ya mwenye duka haipandi behewa. Reli ilisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya viwanda vizito tu.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka Uchina kati ya 1970 na 1975, kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa kubeba tani 2,000,000 kwa mwaka. Katika miaka yake mizuri ilipita tani 1,000,000. Katika mwaka wa 2014/15 hazikufika hata 100,000. Asomaye tarakimu hizo peke yake angedhani kwamba migodi ya Zambia imefungwa. Sivyo hata kidogo! Wakati huo Zambia ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya mara mbili ya ile ya mwaka 2000. Shaba ilikuwapo, na bandari ilikuwapo. Kilichopungua ni injini nzima, mabehewa, na njia iliyotunzwa. Mzigo ukahamia kwenye malori, ukapita Tunduma kwa barabara.

Kwa hiyo reli iliyo kimya ina maana mbili: ama nchi haina cha kubeba, ama reli haina cha kubebea. Ugonjwa wa kwanza hutibiwa mashambani na viwandani. Wa pili hutibiwa kwa vipuri, karakana, na mishahara ilipwayo kwa wakati. Asiyeitenganisha miwili hiyo atamlaumu mkulima kwa ubovu wa injini, au atamwachisha kazi fundi wa reli kwa sababu ya bei ya shaba.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na Uchina walishuhudia kutiwa sahihi kwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Sisi twasema kwamba ufufuo huo hauna budi kupimwa kwa hesabu zilizo wazi, mwezi kwa mwezi: tani ngapi zimepita, za mzigo gani, ngapi zimekwenda kwa malori, na injini ngapi zimelala karakanani. Na hesabu hizo zibandikwe pia pale stesheni, apate kuzisoma mfanyakazi ambaye riziki yake imo ndani yake.