Je, Wajua? Profesa wa Msumbiji na pwani yetu ya Bagamoyo

Je, wajua kwamba rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu huko Marekani? Dkt. Eduardo Mondlane alikuwa akifundisha anthropolojia Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York. Mwaka 1963 aliaga wanafunzi wake, akahamia Dar es Salaam kuongoza chama cha wakimbizi.

Je, wajua kwamba alianza maisha kama mchunga mifugo? Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 Gaza, kusini mwa Msumbiji, mtoto wa chifu wa Watsonga. Baba alifariki mapema. Mama ndiye aliyemsukuma kwenda shule ya misheni. Akina mama kama huyu hawatajwi vya kutosha.

Je, wajua kwamba alifukuzwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 1949? Makaburu walikuwa wameingia madarakani mwaka uliotangulia, wakamnyima kibali cha kuendelea kuishi nchini. Akaenda Lisbon, kwa mkoloni mwenyewe, akakutana na Amílcar Cabral na Agostinho Neto, vijana wenzake ambao baadaye wangeisumbua Ureno vilivyo. Polisi wa siri hawakumpa nafasi ya kupumua. Akavuka bahari hadi Chuo cha Oberlin, Ohio, na mwaka 1960 akapata udaktari wa sosholojia Chuo Kikuu cha Northwestern.

Je, wajua alikofanya kazi kabla ya Syracuse? Umoja wa Mataifa, kwenye idara ya nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Huko ndiko alikofahamiana na mwalimu mwingine aliyeacha chaki kwa ajili ya siasa, Julius Nyerere.

Je, wajua kwamba FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam? Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu, UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, iliichagua tarehe hiyohiyo, 25 Juni.

Je, wajua kwamba kabla ya kambi za Kongwa na Nachingwea kuvuma, FRELIMO ilikuwa tayari na kambi Bagamoyo? Vita yenyewe dhidi ya Ureno ilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, mkoani Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma.

Je, wajua kwamba Mondlane hakusubiri risasi ya kwanza ndipo afungue shule? Taasisi ya Msumbiji ilianza Dar es Salaam mwaka 1963, ikiongozwa na mkewe Janet, Mmarekani kutoka Illinois. Ford Foundation ilitoa fedha za kuanzia. Ureno ikalalamika, fedha zikakatika, na baadaye Sweden ikajitokeza kusaidia. Haikuwa kazi ya raha. Mwaka 1968 baadhi ya wanafunzi waligoma: wao walitaka masomo ya juu ng'ambo, chama kiliwataka vitani. Vurugu zikawa kubwa mpaka shule ikafungwa. Kwa maoni yangu, mtihani huu ulimwelemea profesa kuliko majeshi ya Ureno, maana waliomkataa ni walewale aliowaletea madaftari.

Je, wajua jinsi alivyouawa? Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1969 alichukua barua zake ofisini, akaenda Oysterbay kwenye nyumba ya rafiki, karibu na bahari, mahali alipopenda kufanyia kazi kwa utulivu. Katika barua hizo kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Akakifungua, bomu likalipuka. Waliomtumia walimjua vizuri: msomi hawezi kukiacha kitabu bila kukifunua. Alikuwa na miaka 48. Alizikwa Kinondoni, na miaka kumi baadaye mabaki yake yakahamishiwa Maputo. Kitabu chake kuhusu harakati za Msumbiji kilitoka mwaka huohuo wa 1969, mwenyewe akiwa hayupo.

Je, wajua kwamba shule iliyofungwa Dar ilifufuka Bagamoyo? Mwaka 1970 FRELIMO ilifungua shule yake ya sekondari hapa, na vijana wa Kimsumbiji wakasoma pwani hii hadi uhuru ulipokaribia. Mwaka 1974 naibu mkuu wake alikuwa binti mmoja aliyeitwa Graça Simbine. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Graça Machel, mke wa Rais Samora Machel wa Msumbiji, kisha wa Nelson Mandela.

Je, wajua kwa nini shule hiyo ilikuwa na uzito hivyo? Mreno alipoondoka, zaidi ya asilimia 90 ya Wasumbiji hawakujua kusoma wala kuandika.

Na je, wajua kwamba Maputo kuna mtaa wa Bagamoyo? Uko karibu na bandari. Enzi za Mreno uliitwa Rua Araújo, ukivuma kwa baa na madanguro. Baada ya uhuru wakaupa jina la mji wetu. Mabaharia, nasikia, walichelewa kuzoea.

Msomaji wa Dunda uliyevuka miaka 65, huenda uliwaona wanafunzi wale wa FRELIMO sokoni au ufukweni, au ulicheza nao mpira. Wasimulie wajukuu, au utuandikie unachokikumbuka.