Kitufe Kikiguswa Kiitike

Wiki hii nina neno kuhusu kitu kidogo ambacho wengi wetu hukigusa kila siku bila kukifikiria: kitufe kilichochorwa kwenye kioo cha simu.

Pale Soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, mchuuzi mmoja wa viazi alinieleza alivyotaka kumlipa mkulima wake kwa simu ya kupapasa. Akagusa "Tuma". Kimya. Rangi haikubadilika, wala simu haikutikisika. Akadhani hakugusa vizuri, akagusa tena. Fedha zikaenda mara mbili, na kuzirudisha kukamchukua siku nne. Programu hiyo siitaji jina, maana haiko peke yake.

Zile simu za kitochi hazikuwa na tabu hiyo. Kitufe kilizama chini ya kidole, ukajua umekibonyeza. Kioo hakizami. Kwa hiyo mwandishi wa programu hana budi kukitengenezea kitufe jibu la bandia, na jibu hilo huandikwa kwa maagizo ya kompyuta.

Maagizo yenyewe si magumu. Kitufe hupewa hali tatu: kimetulia, kimeguswa, kimezuiwa. Kila hali ina sura yake. Wapo wanaochora picha tatu za kila kitufe. Kazi ya kuchosha hiyo, na siku kampuni ikibadili rangi zake, zote zinachorwa upya. Afadhali kuiagiza programu ichukue rangi ya kitufe na kuipunguza mwanga, tuseme kwa asilimia 20, kila kidole kinapogusa. Leo kitufe ni chekundu, kesho kijani. Kivuli kitafuata chenyewe. Agizo linaandikwa mahali pamoja, vitufe vyote vinalitii. Katika simu za Android, tangu toleo la 5 la mwaka 2014, kuna pia duara la rangi linalosambaa kutoka penye kidole, kama tone lililodondoka kwenye ndoo ya maji.

Jibu liwe la haraka. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huliona la papo hapo. Lakini tusichanganye mambo: rangi ikibadilika maana yake mguso umepokelewa, si kwamba fedha zimefika. Ndiyo maana baada ya mguso wa kwanza "Tuma" izuiwe, ibaki ya kijivu mpaka majibu ya mtandao yarudi. Hali hiyo ya tatu ndiyo ingemwokoa mchuuzi wetu.

Tena rangi peke yake haitoshi. Katika jua la Nane Nane, pale uwanja wa John Mwakangale, nani ataona kwamba wekundu umefifia? Hapo mtikisiko mdogo wa simu unasaidia, mradi mwenye simu aweze kuuzima akitaka. Na asubuhi ya Julai kule Mufindi, mkoani Iringa, mwenye glavu za sufu avue tu: vioo hivi hutambua kidole kwa kuwa ngozi hupitisha umeme, na sufu haipitishi.

Je, umegusa "Tuma" kwa bahati mbaya? Usinyanyue kidole. Vitufe vingi hufanya kazi kidole kinaponyanyuka, si kinapogusa. Kiburute mpaka nje ya kitufe, ndipo unyanyue.