Msiniulize Tena Huyu Ni Mnyama Gani

Kila ninapowaonyesha watu wa Kilosa picha za Theresa Musoke, mchoraji wa Uganda, swali ni lile lile: "Mwalimu, huyu ni mnyama gani?" Nikichelewa kujibu linafuata la pili, na hilo ndilo linalonichosha: "Au hakujua kuchora?"

Eti anayeiacha sura ya kitu ameshindwa kuichora. Nimeyasikia hata kwa walimu wenzangu, na si kweli hata kidogo. Musoke alisoma sanaa Makerere, akaendelea Royal College of Art huko London, kisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mkono huo haushindwi na pundamilia. Anatandaza rangi tabaka juu ya tabaka, na mnyama anachomoza humo humo: pembe hapa, mgongo pale, kwingine rangi tupu. Picha ya namna hii haizaliwi na haraka. Sehemu kubwa ya kazi ni kutazama.

Mnaobisha, nendeni Mikumi. Barabara ya Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita zipatazo 50, nasi tunaimaliza ndani ya basi tukihesabu twiga. Ingia hifadhini alfajiri, usimame mbuga ya Mkata kabla ukungu haujainuka. Kundi la nyumbu lipo mbele yako, lakini humwoni nyumbu. Unaona weusi unaosogea, mkia, kisha weusi tena. Hicho ndicho macho yako yalichokiona; nyumbu mzima mwenye miguu minne umemtoa kwenye kitabu cha darasa la pili.

Wala msiniambie kuiacha sura ya kitu ni mambo ya Wazungu. Bibi zetu wanasuka mikeka ya ukindu yenye mistari na pembetatu zisizofanana na kitu chochote, na hakuna aliyemuuliza bibi mkeka wake ni mnyama gani. Agnes Martin, mchoraji mzaliwa wa Kanada, naye alipiga mistari ya penseli kwenye turubai za sentimita 183 kwa 183. Aliyepita Kimamba kwa treni akaitazama mistari ya mkonge ameshaanza kumwelewa.

Basi, ukikutana na picha kama hizo: simu mfukoni, jina la picha usilisome kwanza, simama mbali, sogea, rudi nyuma, ukae nayo dakika tano nzima. Mzazi, mpeleke mtoto Mto Mkondoa achore maji peke yake, bila samaki wala mtumbwi. Rangi hakuna? Mkaa upo jikoni.