Dallas hadi Los Angeles kwa Kiti cha Magurudumu na Mbwa Wawili: Pesa Inakwenda Wapi?

Kutoka Dallas hadi Los Angeles, ukipitia Amarillo, Albuquerque na Flagstaff, ni maili 1,445 hivi. Kwa kilomita ni zaidi ya 2,300, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi. Mwenye miguu yake huikata njia hii kwa siku mbili na kulala popote usingizi utakapomkuta. Anayetembelea kiti cha magurudumu, tena ana mbwa wawili siti ya nyuma, ana hesabu nyingine kabisa. Swali analoulizwa kwanza na kila mtu ni la petroli, na petroli ndiyo kitu chepesi kuliko vyote kukadiria. Pesa inavuja kwingine: bafuni, kitandani, na pale kaunta mhudumu anapomwona mbwa wa pili.

Kwa nini gari? Kwa sababu njia nyingine zinakutaka uache kitu kimoja nyuma. Ukipanda ndege, kiti chako kinakabidhiwa kwa wapakia mizigo, na mwaka 2023 pekee mashirika ya ndege ya Marekani yaliharibu, yalichelewesha au yalipoteza viti na skuta zaidi ya 11,000. Mbwa aliyefunzwa kukusaidia anakaa miguuni pako bila malipo, lakini tangu Januari 2021 mashirika hayalazimiki tena kumkubali mbwa wa kukuliwaza tu, na mbwa mkubwa wa kawaida hana nafasi ndani. Treni ya Amtrak inachukua mbwa asiyezidi ratili 20 pamoja na kikapu chake, tena kwa safari isiyozidi saa 7. Basi la Greyhound lina lifti ya kiti, ila mbwa wa kufugwa hapandi. Ukiwaacha kwenye nyumba ya kulea mbwa, kila mmoja anakula dola 40 hadi 60 kwa usiku. Mbwa wawili kwa usiku tisa ni kama dola 900, na wewe hujatoka mlangoni.

Basi tuseme ni safari ya siku 10, kwenda na kurudi, kulala mara tisa. Mbwa mmoja amefunzwa kuokota vinavyoanguka na kuvuta mlango. Wa pili ni mbwa tu, kazi yake ni kula na kufurahi. Petroli tuiweke dola 3.50 kwa galoni. Bei za kukodi na kulala ninazotumia ni makadirio ya kati, na msimu wa likizo zinapanda.

Mwenye gari lake lililofungwa vifaa vya kuendeshea kwa mikono hana la kufikiria sana. Vani inayokwenda maili 20 kwa galoni itakunywa petroli ya dola 506 kwa safari nzima. Jaza tangi Arizona kabla hujavuka mpaka, kwa sababu California petroli ni ghali kuliko karibu jimbo lolote.

Asiye na gari ana njia mbili, na hapa watu wengi hulipa wasichopaswa kulipa. Kama unaweza kuhama mwenyewe kutoka kwenye kiti hadi siti ya dereva, na kiti chako kinakunjika, huhitaji vani maalumu. Kampuni kubwa za kukodisha magari hufunga vifaa vya mikono kwenye gari la kawaida bila kuongeza bei, mradi uwaarifu siku chache kabla. Gari la dola 60 kwa siku lisilo na kikomo cha maili, likienda maili 30 kwa galoni, linakugharimu dola 600 na petroli 337. Tandika shuka kuukuu siti ya nyuma toka dakika ya kwanza. Ada ya kusafisha nywele za mbwa inaweza kumeza akiba yako yote, na wanaopokea gari ukilirudisha hawana huruma.

Wa kiti cha umeme, kizito, kisichokunjika, huyo lazima akodi vani yenye sakafu iliyoshushwa na rampu ya kutokea ubavuni. Tuseme dola 130 kwa siku. Kinachouma si hizo 1,300, ni maili. Baadhi ya wakodishaji hukupa maili 100 tu kwa siku, na kila maili inayozidi inalipiwa. Kwa safari yetu ya maili 2,890, zinazozidi ni 1,890. Kwa senti 30 kila moja unaongeza dola 567. Ongeza petroli, unafika 2,373. Kwa hiyo neno la kwanza kwenye simu lisiwe “bei gani kwa siku”, liwe “maili zina kikomo?” Pia uliza vani inapoegeshwa rampu inahitaji nafasi kiasi gani, maana egesho lenye alama ya vani lina uwazi mpana pembeni, lakini mtu akiegesha pikipiki hapo, umefungiwa nje ya gari lako mwenyewe.

Halafu kuna ndoto ya gari-nyumba. Naielewa: kitanda chako, choo chako, mbwa hawaulizwi na mtu. Lakini gari-nyumba la kawaida la kukodi lina mlango mwembamba na vidaraja vya kupanda, na ndani kijia ambacho kiti hakipiti. Kampuni ya Winnebago hutengeneza yenye lifti na bafu pana, ila mapya huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na ya kukodi ni adimu. Hata ukilipata, hesabu hii hapa: dola 200 kwa siku ni 2,000, senti 35 kwa maili ni 1,012, petroli kwa maili 8 kwa galoni ni 1,264, kambi yenye umeme na maji kwa dola 50 ni 450. Jumla 4,726. Vani ya kukodi pamoja na moteli za dola 100 kwa usiku, na ada ya mbwa mmoja ya dola 25 kila usiku, inafika 3,498. Gari la kawaida lenye vifaa vya mikono, kwa moteli zilezile, ni 2,062. Gari lako mwenyewe, 1,631. Gari-nyumba lina maana kwa anayekaa barabarani miezi. Kwa siku kumi, unalipia choo kwa bei ya dhahabu.

Nimesema ada ya mbwa mmoja, si wawili, na hapa sheria ya Marekani iko upande wako. Chini ya sheria ya walemavu ya mwaka 1990, mbwa aliyefunzwa kazi mahususi kwa ajili ya ulemavu wako si mnyama wa kufugwa, na hoteli hairuhusiwi kukutoza ada yake. Mhudumu ana maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Amefunzwa kufanya kazi gani? Hawezi kudai cheti, wala kukutaka uonyeshe mbwa akifanya kazi. Vile vyeti na vizibao vinavyouzwa mtandaoni kwa makumi ya dola havina nguvu yoyote ya kisheria. Ni pesa ya kutupa. Na usijaribu kumvisha kizibao yule wa pili. Texas tangu Septemba 2023 faini yake ni hadi dola 1,000 pamoja na saa 30 za kazi za jamii, na California ni kosa linaloweza kukupeleka jela miezi sita. Lipa zile 25 zake, lakini kabla ya kulipa uliza: ni kwa mbwa, kwa chumba, kwa usiku, au kwa ukaaji wote? Maneno haya manne ndiyo tofauti kati ya dola 25 na 225. Zipo pia moteli za bei nafuu zinazompokea mbwa wa kwanza bure.

Sasa bafu, ambalo kwangu ndilo linaloamua safari nzima. Neno “accessible”, yaani “kinafaa mlemavu”, kwenye ukurasa wa hoteli halikuambii unakwenda kuoga vipi. Kanuni zinasema hoteli yenye vyumba 50 au pungufu haihitaji kuwa na hata chumba kimoja chenye bafu la kuingia na kiti moja kwa moja. Inatosha iwe na beseni la kuogea, vyuma vya kushikilia na kigoda. Ikifika vyumba 51, lazima iwe na kimoja angalau. Ikizidi vyumba 100, viwili. Kwa hiyo ile moteli ndogo ya kupendeza ya pembezoni mwa barabara kuu ya zamani, yenye taa za rangi na vyumba 20, ipige picha uendelee na safari. Tafuta jengo la vyumba zaidi ya 50, refu, lisilo na haiba. Tangu Machi 2012 hoteli zinatakiwa kueleza sifa za chumba kwa undani wakati wa kuweka nafasi, na kukushikia chumba hichohicho ulichoahidiwa. Piga simu kaunta ya hoteli yenyewe, si namba ya makao makuu, taja bafu kwa maneno mepesi, na uandike jina la aliyekujibu.

Swali la mwisho hapo kaunta watu hulisahau: kitanda kina urefu gani kutoka sakafuni hadi juu ya godoro? Kanuni za bafu ni ndefu kama mkeka, lakini urefu wa kitanda hazikuutaja. Siti ya kiti cha magurudumu huwa kama inchi 19. Magodoro ya hoteli za kifahari siku hizi yanapanda hadi 25 na zaidi, na kupanda inchi sita kwa mikono mitupu usiku, baada ya kuendesha saa nane, ni kazi ya mkwezi wa mnazi. Moteli ya bei rahisi mara nyingi ina godoro jembamba, la chini, na mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye egesho, ambapo mbwa hutoka bila kungoja lifti. Mara chache sana umaskini wa chumba unakuwa faida, na hii ni mojawapo.

Mswahili atauliza: kwani hakuna ndugu njiani? Wapo. Dallas, Los Angeles, kote kuna watu wetu, na kumpita shangazi ukalale moteli ni matusi yatakayofika hadi nyumbani. Ila “bure” hiyo ipime. Nyumba yenye ngazi tatu mlangoni ina kimo cha inchi 21 hivi. Kwa mwinuko salama wa moja kwa kumi na mbili unahitaji rampu ya futi 21, na ile ya kukunjwa uliyobeba haifiki nusu. Milango ya vyoo vya nyumba za kawaida huwa myembamba kuliko kiti. Na mbwa? Wengi wa Pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokiramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Shangazi hakukosea akiuliza, “Karibu mwanangu, lakini hao watalala wapi?” Sheria ya mbwa wa msaada haimhusu mtu sebuleni kwake. Adabu yake ni kupiga simu mapema, kumwambia, “Shikamoo shangazi, tutalala moteli ya jirani, chakula cha jioni tutakula kwako uani.” Atanuna kidogo, kisha atapika.

Kuna vitu vya bure kabisa ambavyo watu huviacha mezani. Raia na mkaazi wa kudumu mwenye ulemavu wa kudumu anapata kadi ya Access ya mbuga za taifa, ya maisha, na abiria wote wa gari lake wanaingia naye. Kambi nyingi za serikali humpunguzia nusu ya ada. Kwa mwenye mbwa, mbuga nyingi ni kero kwa sababu haziruhusu mbwa kwenye njia za miguu. Lakini njia hii ina bahati: Petrified Forest, ambayo barabara yetu kuu, I-40, inapita katikati yake, inaruhusu mbwa mwenye kamba isiyozidi futi sita hata kwenye vijia, na Grand Canyon, ukingo wa kusini, ile njia ya lami inayofuata ukingo inafaa kiti na inaruhusu mbwa pia. Vituo vya mafuta navyo vinapaswa kukujazia petroli kwa bei ileile ya kujihudumia, isipokuwa mfanyakazi akiwa peke yake. Piga honi au piga simu ndani. Bado wapo wahudumu wasioijua kanuni hii, na mabishano huchukua muda kuliko kujaza.

Kwenye ratiba, gharama isiyoepukika ni joto. Kukiwa na nyuzi 21 tu nje, ndani ya gari lililozimwa kunafika kama 32 kwa dakika kumi. Mwenye miguu huingia dukani dakika tatu. Wewe kushusha rampu tu zimekwisha. Kwa hiyo chakula ni cha dirishani, na choo ni kwenye vituo vya kupumzikia vya barabara kuu, vyenye eneo la mbwa, na wote mnaingia pamoja. Kipande cha Flagstaff kuelekea Needles kinashuka kutoka mita 2,100 hadi jangwani, ambako kiangazi hupita nyuzi 45. Lala kabla ya jangwa hilo, Kingman, uondoke saa kumi alfajiri, tangi likiwa limejazwa usiku. Usiku huo mmoja wa nyongeza ni dola 100, pamoja na 25 za yule wa pili.