Nani Atamtetea Kijana Aliyeko Segerea?

Kijana wa Pemba anayesoma chuo Dar es Salaam akituhumiwa kuvunja vioo vya chuo, na dhamana ikamshinda, humngoja gereza la mahabusu la Segerea. Wazazi wake hawana budi kuvuka bahari kumtafutia wakili, na nauli yenyewe ni ya kukopa.

Hatutetei uharibifu. Mali ya chuo ni jasho la wakulima, na Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 7. Lakini uzito huo ndio unaodai utetezi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla hatia haijathibitika. Na katika vurugu ya watu wengi, aliyerusha jiwe huwa wa kwanza kukimbia. Hukamatwa asiye na mbio.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hakimu uwezo wa kuamuru mshtakiwa asiye na mali apatiwe msaada huo, haki ikidai hivyo. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2018, ila hiyo haivuki Chumbe. Kesi ya Kisutu ni ya sheria ya Bara. Basi ombi litolewe siku ile ile kesi inapotajwa kwanza, na maofisa wa magereza wamweleze mahabusu haki hiyo anapoingia langoni.