Kioo Kiigacho Maji: Fikira Kutoka Laini Saba

Kurani Tukufu, katika Sura ya An-Naml, yatupa kisa cha Bilqis, malkia wa Sabaa, alipoingia katika jumba la Nabii Sulayman, alayhi salaam. Aliiona sakafu, akadhani ni maji mengi, akapandisha nguo yake isilowe. Akaambiwa kuwa ni kioo kitupu. Hapo alitambua kuwa macho hudanganyika, akajisalimisha pamoja na Sulayman kwa Mola wa walimwengu.

Kisa hicho twakijua tangu chuoni, nami kilinijia hivi karibuni nilipokuwa Laini Saba, huko Kibera, Nairobi, mtaa uliozaliwa katika ardhi waliyopewa askari wa Kinubi mwanzoni mwa karne ya 20. Vipande vya chupa vilikuwa vimelala kando ya mtaro, na jua lilipovipiga vilimeta mfano wa viwimbi vya maji kupwa. Hatua chache mbele, kina mama walikuwa kwenye foleni na mitungi yao ya plastiki, wakingoja kununua maji.

Basi nikajiuliza: kioo na maji vina udugu gani, hata mafundi wa dunia wakapenda kukifinyanga kimoja kwa sura ya kingine?

Asili ya kioo ni mchanga. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka moto ufikie kiasi cha nyuzi 1,700 za Selsiasi. Kwa hiyo hutiwa magadi ili uyeyuke upesi, na chokaa ili kioo kisiliwe na maji. Magadi hayo ni jamaa wa yale tunayotia katika maharagwe, na Kenya imejaaliwa ziwa zima la magadi, kusini-magharibi ya Nairobi, ambalo mazao yake husafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo ya vioo.

Kikishayeyuka, kioo hutiririka kama asali. Fundi hukichota kwa bomba refu la chuma, akakipuliza, akakizungusha, akakiacha kining'inie kwa uzito wake. Hachongi wimbi; hulingoja wimbi lijifanye, kisha hulikamata kabla halijapotea. Mmarekani Dale Chihuly alianza mwaka 1980 kazi zake alizoziita Seaforms, vyombo vyembamba vyenye mikunjo mithili ya viumbe wa baharini wanaochezwa na mkondo.

Kwetu Kenya, kazi ya namna hii iko Kitengela, mpakani mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, katika karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani. Mwanawe Anselm naye akashika upulizaji. Vioo vibovu vya madirisha huyeyushwa vikawa bilauri, taa na mapambo. Kioo chake ni kizito, kina mapovu ndani, na ukingoni chaonyesha ukijani wa maji ya ufukoni, rangi itokanayo na chembe za chuma zilizomo mchangani.

Kuna siri moja zaidi. Chombo kikitoka motoni kikaachwa kwenye upepo, hupasuka. Sharti kitiwe katika tanuri la kupozea, kipoe polepole kwa saa nyingi. Kwa hakika, kioo ni mtoto wa subira.

Lakini hali za maji azijuaye zaidi si fundi. Ni mkazi wa Laini Saba. Ayajua yakiwa machache, bei ya mtungi ikapanda. Ayajua yakiwa na hasira, kama katika mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoingia majumbani bila ya kubisha hodi. Ayajua pia yakipita juu ya kichwa chake, kwani shirika la SHOFCO lilipandisha mabomba juu ya nguzo huko Kibera, yasikatwe wala yasichanganyike na uchafu wa chini.

Wako watakaosema kuwa kupamba kioo kwa sura ya maji, na hali jirani ana kiu, ni israfu. Neno hilo ni zito, wala silipuuzi. Hata hivyo naona uzuri wenyewe hauna kosa. Kosa ni kufanya kama Bilqis kabla hajatanabahi: kuona mmeto na kudhani ni maji. Taa nzuri sebuleni haimjazii mtu mtungi. Anayeipenda sura ya maji na aulize, maji yenyewe yamemfikia nani?

Nami nimeyafunga haya katika ubeti mmoja:

Maji yapita mbioni, kioo kimeyashika,
Mchanga umo motoni, hadi ukabubujika,
Wa Laini mtungini, maji yao yapimika,
Uzuri tukiuweka, na haki tuiwekeni.